Tiki za Buluu za Mama

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimezima tiki. Hatimaye!

Ginka, mwenzangu kwenye karakana ya meno bandia, ndiye aliyenionyesha, wakati wa kahawa, tukisubiri nta ipoe. Unaingia kwenye mipangilio, faragha, unagusa pale – kwisha kazi. Kuanzia leo mtu akinitumia ujumbe hatajua kama nimeusoma. Hata ile "alionekana mwisho saa fulani" nimeiondoa. Ginka kacheka mpaka kamwaga plasta. Ati ningekuwa namficha mwanamume angenielewa, lakini mtu mzima wa miaka arobaini na moja namficha mama yangu!

Ndiyo, namficha. Jana tumegombana kwenye simu kwa sababu hiyo hiyo. Ujumbe kumi na mmoja kwa siku moja. Picha ya pilipili alizochoma. Picha ya jiko. umekula mami. huko plovdiv mvua inanyesha mami. Halafu: umesoma saa mbili na dakika kumi sasa saa nane mbona hujanijibu. Bila nukta, bila mkato, maua matatu mwishoni, na mami ndiye mimi. Nikampigia, nikamwambia Mama, nina kazi, meno ya watu yako mikononi mwangu. Akasema hata wenye meno hayo hupata muda wa kuwajibu mama zao. Nikakata simu. Kwa hasira.

Kuna ubaya mmoja tu: ukizima zako, na wewe huoni za wengine. Sawa. Za Mama sina haja ya kuziona. Yeye husoma kabla simu haijamaliza kulia.


Jumatano, 9 Oktoba

Kagundua! Siku mbili tu.

tiki zako hazigeuki buluu mami simu imeharibika

Nikajibu ndiyo, imeharibika kidogo. Uongo mdogo. Akasema nimpelekee Metodi aitazame, kaka yako anajua vitu hivyo. Metodi yuko kijijini Topolnik kwa Mama tangu arudi kutoka Hispania mwezi wa nane, mimi niko Plovdiv, nchi nzima iko katikati – nimpelekee vipi? Lakini nafurahi yuko naye. Wa kumpasulia kuni yupo. Wa kuandikiwa meseji nyingi kuliko mimi, hayupo.

Katikati ya picha za paka kulikuwa na hii: metodi anataka twende mjini kusaini karatasi za nyumba we waonaje

Sijajibu. Mambo ya nyumba yanataka kichwa kilichotulia. Kesho.


Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Mtakatifu Petka. Mama hakosi siku ya mtakatifu hata mmoja – saa kumi na mbili asubuhi picha ilishafika, mtakatifu kwenye fremu ya dhahabu, waridi pembeni, maandishi yanametameta. Nikarudisha ua moja.

Baadaye: nipigie ukipata nafasi mami si haraka

Nilikuwa na taya zima la juu la kumaliza, mgonjwa anaoa Jumamosi. Sikupiga. Za nyumba nazo sijamjibu. Nitampigia Jumapili, kwa utulivu, na nitamwomba radhi kwa kumkatia simu.


Ijumaa, 18 Oktoba

Wiki nzuri. Meseji mbili tu tangu jana! Nadhani kazoea. Nimelala kama mtoto.


Jumapili, 20 Oktoba

Nimepiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena jioni, ikalia mpaka mwisho. Kisha ujumbe: "Koo linaniuma, siwezi kuongea. Niko salama, usiwe na wasiwasi."

Nikamwandikia anywe chai na asali. Nikaenda kufua.


Jumanne, 22 Oktoba

Kuna kitu.

Nilikuwa namsomea Ginka meseji za Mama, tucheke kidogo, maana yeye huzipenda zile za kuniuliza kama nimevaa soksi. Nikasoma ya Jumapili. Nikasoma ya jana: "Leo nimepumzika, hali ya hewa ni nzuri." Ginka hakucheka. Akauliza mama yako siku hizi anaandika na mkato?

Nikatazama. Mkato. Nukta. Herufi kubwa mwanzoni. Hakuna ua hata moja. Hakuna mami.

Mama ana miaka sabini na sita. Simu nilimnunulia mimi, herufi nilimkuzia mimi, na mpaka leo akitaka kupunguza sauti huiweka chini ya mto. Mkato kaupata wapi?

Nimewasha tiki zangu tena, na ile ya mwisho kuonekana pia, ili nizione zake. Nikamtumia: Mama, umekula? Tiki mbili, za kijivu. Dakika saba baadaye jibu likaja, "Ndiyo, nimekula." Na tiki bado za kijivu! Kajibu ujumbe ambao simu inasema hajausoma. "Alionekana mwisho" nayo haipo tena.

Kuna mtu ameingia kwenye mipangilio ya simu ya Mama na kuzima. Kama nilivyofanya mimi mwenyewe. Pale pale.


Jumatano, 23 Oktoba

Ginka kanikumbusha kitu: kwenye makundi huwezi kujificha. Unaweza kuzima tiki kwa mtu mmoja mmoja, lakini kundini ukibonyeza ujumbe wako unaona nani kasoma na saa ngapi.

Sisi tuna kundi, linaitwa Nyumbani. Watu watatu: Mama, Metodi na mimi. Asubuhi nikaandika habari za leo. Nikabonyeza.

Metodi, saa tatu na dakika kumi na mbili. Mama, saa tatu na dakika kumi na mbili.

Mchana nikatuma picha ya mlango wa karakana. Metodi, saa tisa na dakika arobaini. Mama, saa tisa na dakika arobaini na moja.

Jioni nikatuma tena, neno moja tu. Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Wote wawili.

Inawezekana wamekaa meza moja. Nimejiambia hivyo mara tatu. Wamekaa meza moja, wanakunywa supu, simu zote mbili zinalia, wote wanatazama. Inawezekana.

Meza ile ina umri wangu. Metodi hajawahi kukaa hapo zaidi ya robo saa.


Alhamisi, 24 Oktoba

Nimempigia Metodi. Kapokea mara ya tatu. Naandika yote kabla sijasahau.

"Dada! Umekumbuka kwamba una kaka?"

"Kaka, mpe Mama simu."

"Kalala."

"Saa nne asubuhi?"

"Mzee analala akitaka. Wewe huko Plovdiv unamhesabia usingizi?"

"Basi mwamshe. Nataka kusikia sauti yake tu. Akikohoa inatosha."

Nikasikia redio ya gari. Gari, siyo nyumba.

"Radostina," akasema – hajaniita hivyo tangu tukiwa shule, kwake mimi ni Radka au dada – "tangu nirudi umeniachia Mama peke yangu, siyo? Sasa nipo, nafanya, na wewe unanipigia kama polisi. Koo linamuuma. Kakwambia mwenyewe."

"Kaniandikia. Na kwa nini kazima tiki?"

"Tiki gani?"

"Za buluu. Nikimtumia ujumbe sioni kama kasoma. Mama hajui kuzima kitu kile."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Akasema labda kajifunza kutoka kwako.

Hiyo imenichoma. Sikuwa nimemwambia Metodi kwamba nilizima zangu. Mama ndiye aliyekuwa anajua tiki zangu hazigeuki, na alidhani simu imeharibika. Basi wamezungumza. Au kasoma tu meseji zetu, zote, tangu juu.

Saa moja baada ya kukata simu, bila mimi kuandika neno, meseji zangu zote kwa Mama zikageuka. Moja baada ya nyingine. Buluu, buluu, buluu, mpaka ile ya asali.

Nilidhani nitafurahi.


Jumamosi, 26 Oktoba

Mtakatifu Dimitar. Siku ya mtakatifu aliyempa Baba jina, Mungu amrehemu. Kila mwaka Mama hupika ngano ya kuwakumbuka marehemu, huenda makaburini, hunitumia picha ya mshumaa kabla jua halijapanda vizuri.

Leo hakuna kitu.

Nimesubiri mpaka saa sita. Nikaandika: Mama, leo umeenda kwa Baba? Buluu papo hapo. Jibu: nimeenda mami 🌹🌹🌹

Bila nukta. Herufi ndogo. Na maua matatu.

Simu nimeitupa kitandani. Siyo kwa sababu haifanani na yake. Kwa sababu inafanana! Mtu amerudi nyuma, kasoma anavyoandika, kajifunza. Juzi mkato, leo maua.

Nikamwomba picha ya mshumaa. Kasoma. Hajajibu mpaka sasa.


Jumapili, 27 Oktoba

Bibi Vena, jirani wa Mama, hana simu ya mkononi, ana ile ya mezani tu, na sikio moja. Nimepiga kelele mpaka jirani yangu wa juu kagonga sakafu.

Nikamuuliza kama amemwona Mama jana makaburini. Akasema mama yako Tsona? Tsona hajaonekana makaburini. Yeye Vena ndiye aliyemwashia Dimitar mshumaa, maana aliona aibu, kaburi liko peke yake.

"Bibi, mara ya mwisho umemwona lini?"

"Alhamisi ile, mwanangu. Siyo hii, ile nyingine. Mkate ulipoletwa."

Tarehe kumi na saba. Gari la mkate hufika Topolnik Jumatatu na Alhamisi.

Kasema alimwona Metodi anamtoa kwa mikono, kamfunga blanketi la kijani, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Kamweka kiti cha nyuma. Bibi Vena alikwenda uzioni, akauliza vipi, Metodi akasema anampeleka mjini kwa vipimo. Nikamuuliza kama Mama alisema chochote.

"Alinitazama. Alitaka kusema, lakini mdomo haukukaa sawa. Mkono alitoa nje ya blanketi. Huu wa kushoto. Metodi akaurudisha ndani."

"Na Metodi alirudi?"

"Huja, huenda. Juzi kapakia cherehani. Jana televisheni. Nikajua mama yako kahamia kwako Plovdiv! Nikasema afadhali, Radka kamchukua mama yake."

Siku kumi. Siku kumi kijiji kizima kinadhani Mama yuko kwangu, na mimi nadhani yuko jikoni kwake, na Metodi ananituliza kwa maua matatu.


Jumatatu, 28 Oktoba

Sikwenda kazini. Nimepiga hospitali ya mjini: hakuna mgonjwa wa jina hilo, wala hakuwepo mwezi huu. Nikapiga ya mji unaofuata. Hakuna. Na ya tatu, ile iliyo karibu na Mto Danubi. Msichana kaniuliza kama nina uhakika wa tahajia ya jina la mama yangu.

Kisha polisi. Mwanamume, sauti ya mtu aliyekwisha kula.

"Mama yako anajibu ujumbe?"

"Kuna mtu anajibu."

"Kwa simu yake?"

"Kwa simu yake, ndiyo, lakini –"

"Ujumbe wako wa mwisho kausoma?"

"Tiki ni za buluu, lakini nakwambia –"

"Lini?"

Nikatazama. Ningemdanganya, lakini sikuwahi kumdanganya polisi. "Dakika kumi zilizopita."

"Basi dada yangu, mtu anayesoma na kujibu hajapotea. Yuko na mwanawe wa kumzaa. Sisi hapa tuna waliopotea kweli."

Nikamwambia habari ya blanketi. Akasema watu wazima husafiri na blanketi. Nikamwambia mdomo haukukaa sawa. Hapo akauliza jina la kijiji. Akasema nikifika mwenyewe nikamkosa, nipige tena, niulize zamu ya mchana.

Zile tiki! Mimi ndiye niliyezidai. Nilimlalamikia Metodi kwamba hazipo, akaniwashia, na sasa ndizo ushahidi wake.

Ginka kaja jioni na mkate wa jibini. Hakutania hata kidogo. Kanikatia tiketi kwa simu yake, basi la saa kumi na mbili asubuhi mpaka Sofia, halafu lingine. Akaniambia nisimwambie mtu kwamba naenda. Nikauliza mtu gani. "Mama yako," akasema, kisha akashika mdomo.


Jumanne, 29 Oktoba

Basi la pili. Tumepita Vratsa, milima iko kwenye ukungu. Mwandiko mbaya, barabara mbaya.

Saa mbili asubuhi ujumbe kutoka kwa Mama: habari za asubuhi mami uko kazini 🌹🌹🌹

Nimeandika: niko kazini Mama, leo nina meno mengi.

Buluu.

Nimekaa nautazama kama saa nzima. Mama hajawahi kuniuliza kama niko kazini. Yeye huuliza kama nimekula, kama nimevaa, kama kuna baridi. Mahali nilipo humhusu mtu mwingine.

Najikuta nasoma za juu, za zamani, za kweli. Za mwezi wa saba, za nane. Kuna nyingine sikuzijibu kabisa. picha ya nyanya. picha ya nyanya. umeona nyanya mami. Mzee wa kiti cha pembeni kanipa leso, hakuuliza kitu.


Jumanne, saa nane mchana. Topolnik. Jikoni kwa Mama.

Naandika nilichokikuta.

Teksi imeniacha kanisani, nimetembea. Bibi Vena kanipa ufunguo wake, kakataa kuingia. Kasimama uzioni na ufagio.

Jiko baridi. Majivu ya zamani, magumu. Televisheni haipo, cherehani haipo, saa ya ukutani haipo – limebaki duara jeupe. Kitanda kimevuliwa kila kitu mpaka springi, godoro limesimamishwa ukutani na lina doa lililokauka. Droo ya karatasi za nyumba iko sakafuni, tupu. Paka kapotea.

Kisanduku chake cha dawa kiko dirishani. Jumatatu wazi, Jumanne wazi, Jumatano wazi. Alhamisi imejaa. Ijumaa imejaa. Jumamosi, Jumapili, zimejaa. Vidonge vya presha, vile vyeupe ambavyo daktari alisema asikose hata siku moja. Mdomo haukukaa sawa! Bibi Vena aliniambia na mimi nilisikia tu. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Hapa, juu ya kitanda hiki. Na wa kumpigia daktari simu alikuwa mmoja tu, Metodi.

Na kwenye bilauri, rafuni, nyuma ya chumvi: meno yake.

Niliyatengeneza mimi. Siku nne, jino kwa jino, nililiacha moja la mbele limepinda kidogo kama lake la ujana, kwa sababu alisema bila hilo Dimitar hatamtambua kule juu. Mama hamfungulii hata mleta barua bila meno haya. Maji yamekauka. Yako chini kabisa ya bilauri, makavu.

Nimempigia yule wa polisi, nikauliza zamu ya mchana. Mwanamke safari hii. Nimemwambia dawa, kitanda, meno. Hakuuliza habari ya tiki. Akauliza tarehe, akauliza namba ya gari la Metodi, akasema doria iko njiani, dakika arobaini, nisiguse kitu.

Nimegusa.


Saa nane na nusu

Nimefanya ujinga. Sikuweza kujizuia.

Kwanza nilimwandikia: Mama uko wapi?

Buluu kabla sijashusha kidole. niko nyumbani mami nakunywa supu jikoni 🌹🌹🌹

Mimi niko jikoni! Nimekaa kwenye kiti chake, kilichobaki kimoja. Nikasoma tena maneno hayo kwa sauti, na sauti ikarudi kutoka ukutani kwa sababu hakuna mapazia.

Nikapiga picha ya bilauri. Meno, rafu, dirisha na uzio. Nikaituma.

Tiki moja. Mbili. Buluu.

Anaandika…

Ikakoma.

Anaandika…

Ikakoma tena. Kwa dakika tatu nzima ikawa hivyo, kama mtu anayefungua mdomo na kuufunga. Halafu neno "hewani" likatoweka juu ya kioo. Nikajua nimefanya nini. Sasa anajua niko wapi. Mimi sijui Mama yuko wapi, na mtu mmoja tu duniani anajua, na nimemwonyesha dirisha nililokaa karibu nalo.


Saa tisa kasoro dakika tano

Bibi Vena kaita. Gari linashuka kutoka barabara kuu. Nikauliza la polisi? Akasema la buluu iliyokolea. La Metodi.

Nimefunga mlango kwa ndani, komeo la juu na la chini. Nimepiga tena kwa yule mwanamke, kasema wako daraja la pili, nisikate simu. Nimeiweka mezani, wazi, anasikia. Meno nimeyatia mfukoni mwangu.

Lango limelia. Kaliacha wazi. Namwona kwa pembeni ya dirisha: koti la ngozi, amenenepa. Hana haraka. Hatazami nyumba. Hajaita Radka, hajaita dada. Kasimama chini ya waya wa nguo, katoa simu mfukoni, akairudisha. Akatoa ya pili, ya Mama, yenye jalada la maua nililomnunulia mimi. Anaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama yeye.

Simu yangu imetetemeka mezani.

Mama: fungua mlango mami

Imetokea juu ya kioo tu, sijaigusa. Sitaigusa. Kanyanyua kichwa, anatazama dirisha, kisha kioo, kisha dirisha. Anasubiri tiki zigeuke.

Kwake bado ni za kijivu.